Virutubisho vya Hamira na Kinga ya Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tunaulizwa kwenye kaunta ya duka letu la dawa hapa Jinja, Uganda, mengi na watu wa Walukuba na Masese, mengine kwa simu kutoka Busia na Arua. Tangu wakati wa korona, chupa za "kuongeza kinga" zimejaa mjini. Zinauzwa madukani, ndani ya teksi, nje ya msikiti baada ya swala, nje ya kanisa baada ya ibada, na zaidi kwa WhatsApp. Nyingi zina hamira ndani yake. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: hamira ina kitu cha kweli kinachogusa kinga ya mwili, na faida yake kwa mtu mzima mwenye afya ni ndogo. Anayekuuzia hamira kama dawa ya kuponya ugonjwa anakudanganya, na uongo huo unawatoa watu kwenye dawa zinazowaweka hai.

Musawo (daktari), hamira ninayotia kwenye mandazi ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye vidonge?

Kiumbe ni kile kile. Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae, aina ya kuvu yenye seli moja, ambayo huwezi kuiona bila darubini. Ndiyo inayoumua unga na ndiyo inayogeuza sukari kuwa pombe. Tofauti iko kwenye matayarisho.

Hamira ya mandazi imekaushwa ikiwa hai. Hamira ya bia ni ile inayobaki kiwandani bia ikishaiva. Huoshwa, huuawa kwa joto, hukaushwa, kisha husagwa au kufanywa vidonge. Ina uchungu kidogo kwa sababu ya hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia. Ipo nyingine inayokuzwa makusudi kwa ajili ya kuliwa, yenye vipande vyembamba vya rangi ya manjano, nayo imekufa pia. Kuna bidhaa ambazo hamira huachwa ichachuke, halafu yote, seli pamoja na majimaji yake, hukaushwa kuwa unga. Moja inayojulikana sana ya namna hiyo ilitokana na kiwanda cha chakula cha mifugo huko Iowa, Marekani, ambako ilisemekana wafanyakazi walioishika kila siku hawakuwa wakiugua ovyo. Na mwisho kuna beta-glukani peke yake, iliyotenganishwa na hamira na kusafishwa. Hii ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi kwa upande wa kinga.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ina hamira," bado hajakuambia kitu. Muulize ni hamira gani.

Ni kitu gani ndani ya hamira kinachogusa kinga ya mwili?

Ukuta wa seli yake. Kila seli ya hamira imezungukwa na ukuta mgumu, na sehemu kubwa ya ukuta huo ni beta-glukani, yaani mnyororo mrefu wa sukari ambao tumbo la binadamu haliwezi kuusaga. Wakemia wanauandika 1,3/1,6 kufuatana na jinsi ulivyoungwa. Namba hizo zina kazi unaponunua. Oti na shayiri nazo zina beta-glukani, lakini ya kwao ni 1,3/1,4, na sifa yake iliyothibitishwa ni kupunguza lehemu kwenye damu kwa kiasi cha gramu 3 kwa siku. Ni vitu viwili vyenye jina moja, na wauzaji wanavichanganya kila siku.

Zaidi ya ukuta, hamira ina protini nyingi na vitamini za kundi B: B1, B2, B3, B6 na foleti. Vitamini B12 haimo kiasili. Ukiiona kwenye lebo, imeongezwa kiwandani.

Inafanyaje kazi mwilini?

Miili yetu haitengenezi beta-glukani, ilhali kuvu wengi wanaotuletea magonjwa wanayo kwenye kuta zao. Seli nyeupe zikiigusa zinatambua hapohapo kwamba kitu hiki si cha humu ndani. Mwaka 2001 watafiti wa Oxford, Gordon Brown na Siamon Gordon, walionyesha mlango ambao seli hizo hutumia kuitambua, kipokezi kinachoitwa Dectin-1. Seli ikishikwa hapo huamka, humeza vijidudu kwa kasi zaidi, na hutoa kemikali za kuziita seli nyingine.

Ukimeza kidonge, glukani hufika utumbo mwembamba bila kusagwa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna vituo vya kinga vinavyoonja kila kinachopita, na huko ndiko seli nyeupe huipokea.

Jambo lililowafanya wanasayansi waichukue hamira kwa uzito zaidi lilikuja baadaye. Tulifundishwa kwamba kinga ya kuzaliwa nayo, ile inayokimbilia mdudu yeyote bila kuchagua, haina kumbukumbu. Mwaka 2011 Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, waliita kwa jina jambo ambalo wengi walikuwa wameliona bila kulielewa: seli hizo zinaweza kuzoezwa, zikakaa tayari kwa wiki au miezi. Vitu viwili vinavyotumika sana maabara kuzizoeza ni beta-glukani na chanjo ya kifua kikuu iitwayo BCG, ile ile wanayochomwa watoto wetu wanapozaliwa.

Na hapa Uganda tuna ushahidi wetu kuhusu BCG. Huko Entebbe watoto wachanga 560 waligawanywa makundi mawili, wengine wakachanjwa siku ya kuzaliwa na wengine wakasubiri wiki sita. Matokeo yalitoka mwaka 2021: katika zile wiki sita za kwanza, waliochanjwa mapema waliugua magonjwa ya kuambukiza yasiyo kifua kikuu kwa uchache kuliko waliosubiri. Hiyo ni chanjo, si kidonge cha hamira, na sisemi kwamba kidonge kitafanya hivyo. Nasema tu kwamba wazo la kuizoeza kinga si hadithi ya wauzaji.

Basi utafiti unasema vidonge hivi vinasaidia watu kweli?

Vinasaidia kidogo, kwa mafua na magonjwa ya njia ya hewa ya juu, kwa baadhi ya watu.

Majaribio kwa binadamu yamefanyika zaidi Ulaya na Marekani, wengi wakipewa miligramu 250 hadi 900 za beta-glukani kwa siku, wakilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge vitupu. Katika baadhi, waliotumia glukani walipata mafua mara chache. Katika mengine idadi ya mafua ilikuwa sawa ila dalili zilikuwa nyepesi au ziliisha mapema kidogo. Matokeo yaliyo wazi kiasi ni ya watu ambao miili yao imechoshwa, kama wakimbiaji waliotoka kwenye marathoni, kwa sababu mazoezi makali hushusha kinga kwa muda.

Yapo mambo mawili ambayo muuzaji hatakutajia. La kwanza, majaribio mengi yamelipiwa na viwanda vinavyotengeneza bidhaa hizo, na mengi ni madogo. La pili, yale matokeo ya kushangaza unayotumiwa kwenye WhatsApp, ya uvimbe kunywea na vijidudu kufa, ni ya panya waliochomwa sindano au ya seli kwenye kisahani cha maabara. Kumeza ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya uliikubali beta-glukani ya hamira kama kiungo salama cha chakula mwaka 2011, na kwa virutubisho ukaweka wakati huo kikomo cha miligramu 375 kwa siku, ambacho baadaye ulikipandisha. Kuandika kwenye chupa kwamba inaimarisha kinga, huko hakujaruhusiwa.

Nikoroge hamira ya mandazi kwenye maji ya uvuguvugu ninywe? Ni rahisi kuliko vidonge.

Hapana, mama. Umeshaiona ukiitia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari: dakika kumi tu inapanda, inatoa povu, inafurika. Hiyo ni hewa ya kaboni inayotoka seli zikila sukari. Ukiinywa ikiwa hai inaweza kuendelea na kazi hiyo tumboni, ukashinda na gesi na tumbo kujaa. Mwenye kinga dhaifu ana hatari kubwa zaidi, nitaieleza chini. Na glukani iliyofungiwa ndani ya seli nzima si sawa na ile iliyotenganishwa na kusafishwa. Iache hamira ipikwe kwenye mandazi.

Na malwa, tonto, bushera? Hizo si hamira tupu?

Hamira imo, ndiyo. Ajon ya Teso (ndiyo malwa, pombe ya ulezi), tonto ya ndizi na kwete ya mahindi zote huchachushwa na hamira pamoja na bakteria wa maziwa mgando, na zile tope zinazobaki chini ya chungu zina seli za hamira na vitamini B. Wazee wanaosema malwa ina nguvu hawakuota.

Lakini pombe yenyewe hushusha kinga. Mnywaji wa kila siku hushikwa kwa urahisi na nimonia na kifua kikuu, na mrija mmoja unaopita mdomo hadi mdomo kuzunguka chungu nao hupitisha magonjwa. Kama unataka kinywaji cha kuchachushwa, bushera ya mtama au ulezi iliyochacha siku moja au mbili ni njia nzuri zaidi. Ukali wake unatokana hasa na bakteria wa maziwa mgando, na ndio unaozuia vijidudu vingine kuota humo. Chemsha maji yako kwanza, na osha kibuyu.

Ninatumia ARV. Nimeambiwa hiki kitapandisha CD4 hata nikiacha dawa.

Usiache dawa. Nalirudia kwa sababu nimeona watu wakiacha: usiache dawa hata siku moja.

CD4 ni seli za kinga, na inashuka kwa sababu virusi vya VVU vinaziua seli hizo. ARV inazuia virusi visizaliane, ndiyo maana seli zinarudi. Hakuna hamira wala mmea unaofanya kazi hiyo. Ukiacha, virusi vinarudi ndani ya wiki chache, na vinaweza kurudi vikiwa sugu.

Sasa sikiliza na upande mwingine ambao wengi hawaujui. Wagonjwa wengi Uganda wanatumia kidonge kimoja cha kila siku chenye dolutegravir ndani yake. Dawa hii hushikana tumboni na madini ya zinki, chuma, kalsiamu na magnesiamu, ikashindwa kuingia kwenye damu ipasavyo. Chupa nyingi za "kinga" zina hamira pamoja na zinki na madini mengine.

Dada mmoja aliweka chupa zake mbili kwenye kaunta, moja ya kliniki na moja aliyouziwa na jirani. Ile ya jirani ilikuwa na sura ya mwanamke anayecheka mbele na herufi ndogo sana nyuma. Tuliigeuza tukasoma: hamira miligramu 100, vitamini C, zinki, kalsiamu, magnesiamu. Alikuwa akivimeza vyote pamoja usiku, kwa maji yale yale, tumbo likiwa tupu. Alidhani anajisaidia mara mbili. Tulimwambia ameze ARV saa mbili kabla ya chupa ile au saa sita baada yake, kisha aipeleke kliniki waione. Kalsiamu na chuma zinaweza kumezwa wakati mmoja na dolutegravir ikiwa ni pamoja na chakula, lakini kwa chupa yenye mchanganyiko ni salama zaidi kutenganisha saa. Fanya hivyo hivyo, na mwambie musawo wako kila unachokimeza. Hatakugombeza.

Ninatibiwa kifua kikuu. Je, hamira itanisaidia?

Hamira haitibu kifua kikuu. Kama unatibiwa kile sugu na mojawapo ya dawa zako ni linezolid, kaa mbali na vitu vyenye hamira iliyokolezwa, kama Marmite na rojo nyingine za hamira. Zina kemikali iitwayo tairamini kwa wingi, na linezolid inazuia mwili kuiondoa, kwa hiyo presha inaweza kupanda ghafla. Onyo hilo hilo linawahusu wanaotumia zile dawa za zamani za sonona (huzuni nzito ya kudumu) zinazozuia kimeng'enya kiitwacho MAO.

Muuzaji amesema inatibu kisukari, kansa, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume.

Bidhaa inayotibu kila kitu haijapimwa kwa chochote. Muombe karatasi ya NDA, Mamlaka ya Dawa ya Taifa, inayomruhusu kutangaza hivyo, kwa sababu matangazo ya dawa Uganda yanahitaji idhini ya mamlaka hiyo.

Kuhusu kisukari peke yake niongeze neno. Hamira ya bia ina madini ya kromiamu, na ni kweli imechunguzwa kwa kushusha sukari. Matokeo hayatoshi kumtoa mtu kwenye metformin. Yanatosha kumfanya anayetumia insulini awe macho, apime sukari yake mara kwa mara akianza kuitumia, isije ikashuka kupita kiasi.

Kuna unga wa pakiti wa kuharisha unaoitwa boulardii. Nao ni hamira?

Ni hamira, ila inamezwa ikiwa hai, na kazi yake ni tumboni. Mfaransa Henri Boulard aliitoa kwenye maganda ya matunda huko Indochina katika miaka ya 1920, baada ya kuona wenyeji wakitumia maganda hayo wakati wa kipindupindu. Kwa kuharisha kunakoletwa na antibiotiki ina ushahidi mzuri. Na kwa kuwa si bakteria, antibiotiki haiui. Dawa za fangasi kama fluconazole zinaiua, kwa hiyo kuzimeza pamoja ni kutupa pesa.

Hatari yake ni hii: kwa mgonjwa mahututi, mwenye kinga iliyoshuka sana, au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, hamira hai inaweza kuingia kwenye damu na kumletea maambukizi makali. Imetokea hospitalini hata kwa pakiti kufunguliwa karibu na kitanda, unga ukapeperuka na kushika mikono na mipira. Usimpelekee mgonjwa wako wodini bila kuuliza. Mwenye VVU ambaye CD4 yake iko chini sana naye asiiguse bila ushauri.

Na kwa mtoto anayeharisha, usianzie hapo. ORS kwanza, na zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita.

Hamira haitaniletea fangasi ukeni?

Wanawake wengi wanaulizia hili kwa sauti ya chini, na wanaume wengine wanawatuma watoto waulize. Fangasi wa ukeni kwa kawaida huletwa na Candida albicans, ndugu wa mbali wa hamira, na yeye huishi mwilini tayari. Huzidi mtu anapotumia antibiotiki, anapokuwa mjamzito, au kisukari kikiwa hakijatulizwa. Kula mkate au kumeza hamira iliyokufa hakumleti. Kama fangasi inarudi kila mara, pima sukari na pima VVU, hayo ndiyo yatakayokupa jibu.

Nani asitumie kabisa?

Mwenye mzio wa hamira, hilo halina mjadala. Mwenye jongo ajihadhari, kwa kuwa hamira ina purini nyingi zinazogeuka kuwa asidi ya yuriki na kuamsha maumivu ya kidole gumba cha mguu. Aliyepandikizwa figo na anatumia dawa za kutuliza kinga hana sababu ya kuiamsha tena. Wenye lupasi, baridi yabisi ya kinga, au ugonjwa wa Crohn wazungumze na daktari wao kwanza, kwani kinga yao tayari inashambulia mwili wenyewe.

Mtoto wangu anashikwa na mafua kila mwezi. Nimpe?

Mtoto mdogo kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida, hasa akianza shule ya chekechea. Kinga yake inajifunza. Mimi simpi mtoto vidonge hivi. Maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, chanjo zote kwa wakati, vitamini A kila baada ya miezi sita kuanzia akiwa na miezi sita hadi miaka mitano (siku za afya ya mtoto ziko Aprili na Oktoba, ni bure), kulala ndani ya neti, na uji uliochanganywa na unga wa mukene (dagaa) au karanga. Chanjo ya malaria nayo imeanza kutolewa nchini tangu 2025, ulizia kwenye kituo chako cha afya.

Kama mafua yanafuatana na kukonda, homa za usiku, au kikohozi kilichopita wiki mbili, mlete apimwe.

Nina mimba. Je?

Hamira iliyopikwa kwenye chakula haina shida. Vidonge vya beta-glukani havijachunguzwa vya kutosha kwa wajawazito, viache hadi ujifungue.

Lakini hamira ina historia na wajawazito ambayo naipenda sana. Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Alijaribu hili na lile, mwishowe akawapa Marmite, rojo ya hamira ya bia ambayo ilikuwa rahisi kupatikana. Walipona. Kulikuwa na kitu ndani ya hamira ambacho hakikuwa na jina wakati huo; leo tunakiita foleti. Vile vidonge vya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki ya wajawazito, ambavyo wengi wenu mnaviacha kwenye droo kwa sababu vinaleta kichefuchefu, vina mizizi kwenye kazi ile. Vimeze baada ya chakula cha usiku.

Mimi ni Mwislamu. Hamira ya bia ni halali?

Hamira ya mikate na beta-glukani nyingi hukuzwa kwa molasi, ile rojo nyeusi inayobaki kwenye viwanda vya sukari, bila kupitia pombe. Hamira ya bia inatoka kwenye bia, ingawa huoshwa na kukaushwa, na wanazuoni hawana kauli moja juu yake. Muulize shehe wako. Angalia pia ganda la kapsuli: mengi ni jelatini, ambayo inaweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe. Tafuta yenye alama ya halali au ganda la mimea.

Nisome nini kwenye lebo?

Jina Saccharomyces cerevisiae, na namba 1,3/1,6 kando ya neno glukani. Kisha miligramu, na hapa ndipo wengi wanapoibiwa. "Hamira miligramu 500" si sawa na "beta-glukani miligramu 500," kwa kuwa glukani ni sehemu tu ya hamira. Chupa nyingine zinataja asilimia. Kama imeandikwa hamira miligramu 500 yenye glukani asilimia 70, umepata 350. Kama hakuna asilimia wala kiasi cha glukani, umenunua vitamini B kwa bei ya kitu kingine. Mwisho tazama tarehe ya kuisha, namba ya toleo, na jina la kiwanda pamoja na nchi. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani asiyevumilia gluteni ya ngano na shayiri, akumbuke kwamba hamira ya bia inaweza kubeba mabaki ya shayiri.

Imeandikwa "asilia." Si ina maana ni salama?

Uyoga wa sumu nao ni asilia. Usalama unapimwa. Dawa, zikiwemo za mitishamba, zinasimamiwa na NDA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993, na vyakula vya kufungashwa vinakaguliwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, ambayo alama yake ya Q mnaijua. Ulizia jina la bidhaa yako katika ofisi zao kabla ya kulipa.

Soma pia maneno ya kibali, si kuwepo kwake tu. Mnakumbuka Covidex ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara mwaka 2021. NDA iliikubali kama dawa ya kusaidia matibabu, haikusema inaponya korona. Mitaani kauli hiyo ilibadilika ndani ya siku moja. Kibali cha kuuza na uthibitisho wa kuponya ni vitu viwili.

Niitumie kwa muda gani?

Kama wewe ni mtu mzima mwenye afya na umeamua, miligramu 250 za beta-glukani kwa siku zinatosha, usivuke 375. Jaribu miezi mitatu, kipindi cha mvua au cha kazi ngumu. Usipoona tofauti yoyote, acha.

Pesa yangu ni ndogo. Ninunue hii au chakula?

Chakula, bila kufikiri mara mbili. Pesa ya chupa moja inaweza kukununulia trei ya mayai, mukene, maharagwe na dodo (mchicha) za kutosha wiki kadhaa, ukapata protini, chuma, zinki na foleti kwa pamoja. Kinga hujengwa kwa protini, na nyumba nyingi ninazozijua zinashiba matoke na posho (ugali) bila kuipata ya kutosha. Kulala usiku na kupunguza sigara na waragi havihitaji hata shilingi.

Nafuga kuku. Nimesikia hamira inawekwa kwenye chakula chao?

Ndiyo, kuta za hamira zinatumika sana kwa kuku na nguruwe, zaidi kwa afya ya utumbo. Bei ya mifugo isikushawishi kuila mwenyewe. Bidhaa ya mifugo haikaguliwi kwa kiwango cha chakula cha binadamu.

Nimeshaanza kuimeza na tumbo linanguruma, au nimetokwa na vipele. Nifanyeje?

Gesi na kinyesi kulainika siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Punguza kipimo na uimeze pamoja na chakula. Isipotulia kwa wiki moja, acha. Vipele, mwasho, au midomo kuvimba ni mzio: acha papo hapo. Pumzi ikibana, panda boda uende hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi. Beba ile chupa. Mwambie musawo aijaze fomu ya madhara ya dawa ya NDA, au uje kwetu tuijaze nawe; kinachohitajika ni jina la bidhaa, namba ya toleo, siku uliyoanza na kilichokupata.